Maiki ya Kumrekodi Mama

3 Machi

Naanza kuandika humu kwa sababu nisipoandika nitamtukana mtu, na mtu aliye karibu nami ni Mama.

Kifurushi cha kaka kimefika leo. Ndani mna maiki mpya, imelazwa kwenye sponji iliyochongwa kwa umbo lake kama mtoto wa mfalme. Kaka anaishi ng'ambo, na ameinunua bila kuniuliza mimi ambaye hii ndiyo kazi yangu. Narekodi matangazo ya maduka, kwaya na hotuba za harusi katika chumba cha uani nyumbani kwa Mama, na nimefanya hivyo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi zote. Lakini kaka ametazama video mbili tatu kwenye simu, basi amekuwa mwalimu wangu.

"Hii ina joto," akaniambia alipopiga. "Gita la Mama litasikika kama liko mapajani mwako."

"Joto la nini? La pasi?"

"Wewe kila kitu ubishi."

Sibishi. Nalichukia tu hilo neno. Kila anayeuza maiki anasema yake ina joto, na ukimuuliza maana yake anasugua vidole hewani kama anachagua kitambaa. Kwangu mimi maana yake ni hii: chini kuna nyama, juu hakuchomi, na ukifumba macho unajua kwamba gita ni la mbao na anayelipiga ni mtu. Hilo ndilo ninalolitaka, na nitalitafuta mwenyewe.

Mama alipiga gita kwenye bendi ya hoteli ujana wake wote. Walimkalisha nyuma, karibu na pazia, na maiki ilikuwa moja, mbele, ya waimbaji. Bendi ilirekodiwa, ndiyo. Kaka aliupata wimbo mmoja wa bendi hiyo akatutumia kwenye simu. Ukitega sikio kwa makini unasikia kitu kama mtu anayechambua mchele chumba cha pili. Yule ndiye Mama. Nyimbo alizotunga mwenyewe, zisizo na maneno, hazijarekodiwa hata moja. Msimu wa mvua harusi ni chache na chumba changu hakina wateja, kwa hiyo tumekubaliana kwamba mwaka huu zitarekodiwa, liwalo na liwe.

5 Machi

Mvua. Chumba changu kina magodoro ukutani na mazulia sakafuni, lakini juu ni bati. Hakuna kazi.

6 Machi

Mvua. Ilipotulia, Cheche akawasha mashine ya kukatia chuma. Cheche ni fundi wa kuchomelea mageti, tunachangia ukuta mmoja. Nimeugonga huo ukuta kwa kandambili mpaka kandambili ikakatika. Hakusikia.

10 Machi

Asubuhi kavu. Nilimkalisha Mama kwenye kiti kisicho na mikono, nikaweka maiki ya kaka pale shingo ya gita inapokutana na tumbo. Ukiielekeza kwenye tundu, gita linavuma kama mtungi. Mama akapiga "Maji Hayajachemka". Nyimbo zake zote zina majina ya namna hiyo, kwa sababu alizitunga akiwa anasubiri kitu jikoni.

Kisha akavaa hedifoni kujisikiliza. Uso wake ukakunjamana.

"Huyo si mimi."

"Ni wewe, Mama. Hapa tupo wawili tu."

"Maiki hii ina roho mbaya. Inanihesabia kucha. Sikia inavyokwaruza."

Nikasikiliza. Kweli, maiki ya kaka ni kali. Inasikia kiti, inasikia pumzi, inasikia kidole kikiteleza kwenye uzi kama kisu kwenye sahani. Nikampigia kaka nikamwambia joto lake limepotelea njiani. Akasema nimeiweka vibaya. Nikakata simu kabla ulimi haujanitangulia.

11 Machi

Mvua.

14 Machi

Nimekwenda kwa muuza maiki. Mama alimbatiza jina Bwana Joto siku aliponisindikiza huko, kwa kuwa kila alichokishika mle dukani kilikuwa na joto, mpaka waya. Leo ameniazima maiki ya jukwaani, nene kama mchi.

"Hii, dada yangu, ina joto mpaka utavua sweta."

"Na isipokuwa nalo?"

"Utairudisha. Ila ikianguka umeinunua."

Anacheka peke yake kila mara. Mimi sikucheka. Nimechoka kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

15 Machi

Mama ameikataa. "Bado inakwaruza." Nikamwambia hii haiwezi kukwaruza, haina hata masikio ya kusikia mkwaruzo, ukiimba mbele yake unasikika kama una mafua. Akashikilia pale pale: inakwaruza.

Nikafikiri labda ni nyuzi. Nimebadilisha zote, nikalisugua gita kwa kitambaa, nikakagua vyuma vya shingoni kimoja kimoja. Havina tatizo. Niliposhika gita mimi mwenyewe na kupapasa kile kidogo ninachokijua, halikukwaruza. Nilimwambia hivyo. Mama akasema, "Basi piga wewe, ujirekodi," akaenda zake kuanika nguo ambazo mvua itazilowesha tena.

18 Machi

Mvua na Mama, wote wawili hawajasema lolote la maana.

21 Machi

Maiki ya tatu kutoka kwa Bwana Joto. Mama ameikataa kabla hajamaliza wimbo. Akaacha katikati, akainua mikono kama mtu aliyeshikwa na polisi.

"Naomba unisaidie kuelewa," nilisema, na sauti yangu ilikuwa imeshaanza kupanda. "Unataka isikike vipi?"

"Ya joto. Si wewe na kaka yako mnasema joto? Nami nataka hiyo hiyo."

"Joto ni nini, Mama?"

"Isiwe inanichungulia."

Nimeandika hayo hapa kwa sababu yamenikera mchana kutwa. Gita lazima lichunguliwe, la sivyo unarekodi nini? Nimekwenda kwa Bwana Joto mara nyingi kiasi kwamba watu wa mtaa ule wanadhani ni shemeji yangu. Kazi ya asubuhi moja imekula mwezi. Na kaka kila jioni anatuma ujumbe: vipi, tayari? Kama anataka tayari, aje ashike mwavuli.

24 Machi

Bwana Joto ameniazima maiki ya zamani, kubwa kama pakiti ya unga, iliyotoka kwenye kituo cha redio kilichofungwa. Ni ile ya kusemewa ubavuni, si kichwani. Nembo yake imefutika kwa kushikwashikwa na wavu wake uko sawa pande zote. Alipoikabidhi hakusema ina joto. Alisema tu, "Hii itunze." Kwa mara ya kwanza nilimwamini kidogo.

27 Machi

Tumepata!

Wingu lilikuwa limesimama juu ya paa la Cheche na nilijua tuna nafasi finyu. Nikaiweka ile maiki ya redio mbele ya Mama haraka, nikafungua. Sauti ilikuja ndogo, nikasema imezeeka, nikaipandisha. Na hapo sasa. Laini, nzito, hakuna kucha, hakuna kiti. Mama alipiga "Mlango wa Jirani" mwanzo hadi mwisho bila kuacha. Akavaa hedifoni, akafumba macho, akatabasamu. Sijaliona tabasamu lile tangu Machi ianze.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo yenyewe."

Mvua ikaanza kugonga bati tulipokuwa tunafunga. Nilimtumia kaka. Akajibu kwa kidole gumba. Kidole gumba! Lakini leo simkasirikii mtu.

29 Machi

Nimefungua kazi ya juzi ili niipange vizuri. Nikasikiliza kwa makini. Kuna mtu anapiga mluzi.

Nikarudisha. Ni mluzi, na unafuata wimbo wa Mama, unapanda naye na kushuka naye, na pale Mama anapochelewa wenyewe unamsubiri. Nikadhani nimechoka. Nikarudisha tena. Ni Cheche. Cheche nyuma ya ukuta wa matofali na magodoro mawili, na anasikika karibu kuliko pumzi za Mama aliyekuwa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye maiki.

Niliinuka nikaizunguka ile maiki nikisema moja, mbili, moja, mbili. Upande ule Mama alikokaa, sauti yangu ilikuwa ya mtu aliye kisimani. Upande wa ukuta ilikuwa imejaa tele. Niliiweka kinyume. Niliurekodi ukuta.

Kila fundi anayejua kazi huizunguka maiki ya namna hii kabla ya kuitumia. Wanafunzi huizunguka. Mimi niliharakishwa na wingu. Ndege mjanja hunasa tundu bovu, na nimenasa mchana kweupe, baada ya kuwacheka wengine miaka yote. Niliiapiza maiki, nikaliapiza wingu, nikamwapiza Cheche na mluzi wake. Halafu nikabandika kipande cha plasta upande wa mbele, wa kweli, nisije nikarudia upuuzi huu.

30 Machi

Nimemwambia Mama kuna hitilafu ndogo, turudie. Sikumwambia hitilafu ni ipi. Maiki ile ile, kiti kile kile, wimbo ule ule, ila safari hii plasta imemwelekea yeye.

Na sasa niandike kwa haki: ilikuwa nzuri ajabu. Ile maiki ya redio ndiyo niliyokuwa naitafuta. Chini kulikuwa na nyama, juu hapakuchoma, mbao ilisikika ni mbao. Nilisimama na hedifoni kichwani nikasema moyoni, mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.

Mama akasikiliza robo ya wimbo. Akavua hedifoni.

"Umeiharibu."

"Ni ile ile, Mama."

"Si ile. Hii inakwaruza."

Nilitoka nje nikasimama kwenye matone, kwa sababu ningebaki ndani ningesema neno ambalo mtoto hamwambii mzazi wake.

31 Machi

Mvua.

2 Aprili

Nimefanya jambo la hila na sijutii. Nilimrekodi mara mbili, mara moja plasta imemwelekea na mara moja imeelekea ukutani, bila kumwambia. Ya ukutani aliipenda. Ya mbele aliikataa. Nikabadilisha mpangilio wa kumsikilizisha, jibu likawa lile lile.

Kwa hiyo si joto analotaka. Anataka kuwa mbali.

Baadaye nilikaa na ile ya mbele nikaisikiliza peke yangu, bila kufikiria maiki. Na nikausikia mkwaruzo anaousema. Si uzi kuteleza. Ni uzi usiobanwa sawasawa, unaopiga chuma na kuvuma kama nzi ndani ya chupa. Uko pale pale kila mara, kidole cha tatu na cha nne, mkono wa kushoto. Uko kwenye maiki ya kaka. Uko kwenye ile ya jukwaani. Uko kwenye zote. Maiki zote zilikuwa zinasema jambo moja na mimi nilikuwa nazirudisha dukani.

4 Aprili

Mchana niliingia jikoni. Sufuria lilikuwa linachemka na Mama alikuwa ameshika mfuniko. Mkono mtupu, bila kitambaa, mvuke unampita katikati ya vidole. Alikuwa anaongea na mimi habari za mafuta yaliyoisha. Aliushika mfuniko kama anavyoshika kitabu.

"Mama, uweke!"

Akautazama mkono wake, akaweka mfuniko mezani. Vidole vilikuwa vimebadilika rangi.

"Husikii moto?"

"Nasikia."

"Husikii. Tangu lini?"

Akageuka kukoroga sufuria. Nikazima jiko. Nikamwambia hatutoki humu mpaka aniambie, na akanitazama kwa jicho lile alilokuwa akimtazamia baba alipochelewa kurudi.

"Ni sukari," akasema. "Daktari aliniambia ganzi itaanzia miguuni. Mimi imeanzia mikononi. Nina bahati yangu ya peke yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla kaka yako hajatuma mzigo wake."

Basi hapo ndipo nilipopasuka. Sitaandika yote kwa sababu mengine nimeyasahau na mengine natamani niyasahau. Nilimwambia amenitembeza kwenye tope msimu mzima kutafuta joto ambalo halipo, huku akijua. Kwamba nimegombana na kaka, na Cheche, na Bwana Joto asiye na kosa. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Lilinitoka tu. Nilimwona linavyomwingia.

"Sikuwa naficha maradhi," akasema polepole. "Dawa nakunywa. Nilikuwa naficha kupiga vibaya. Wewe umekuja duniani umenikuta napiga. Kaka yako pia. Sijawahi kupiga vibaya mbele yenu, sasa mnataka mnirekodi nikipiga vibaya, mnisikilize hivyo hivyo mpaka wajukuu?"

"Tunataka tukurekodi wewe!"

"Basi ile ya kwanza uliyofanya kwa maiki ya redio ni mimi. Ile laini. Iache hiyo."

"Ile maiki ilikuwa imegeukia ukutani, Mama. Nilikosea. Ulikuwa nyuma ya maiki. Umekaa nyuma ya bendi maisha yako yote, karibu na pazia, watu wakila na kunywa na hakuna aliyejua ni nani anapiga. Leo una chumba chako, na kiti chako, na maiki yako peke yako, na bado unataka ukae nyuma!"

Akavua khanga aliyojifunga kiunoni, akaikunja vizuri mara mbili, akaiweka juu ya kiti. Kisha akaenda chumbani kwake na kufunga mlango. Hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Dawa ya kuungua imebaki kwenye vidole vyangu, maana alikataa nimpake. Nina hasira naye, nina hasira na sukari, nina hasira na wale wanaume wa bendi ambao wengine wameshakufa. Na nina hasira kwamba nilisikia mkwaruzo ule tangu tarehe kumi ya mwezi uliopita nikauita ukali wa maiki.

5 Aprili

Mvua. Hatusemezani.

6 Aprili

Mvua. Ameniwekea chakula mezani na kukifunika. Hajaniita.

9 Aprili

Tumesalimiana. "Shikamoo." "Marahaba." Basi.

12 Aprili

Nimekwenda kwa Cheche kumwomba asiwashe mashine asubuhi, endapo Mama atakubali kurekodi tena. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kwa vita. Akavua miwani yake myeusi.

"Mbona huwa sizimi kwa sababu yako, dada," akasema. "Huwa nazima mwenyewe nikisikia mama anapiga. Hujagundua?"

Sikuwa nimegundua. Nilikuwa nagonga ukuta mashine ikiunguruma, na iliponyamaza nilidhani ni mimi niliyeshinda, au ni umeme umekatika.

"Siku hizi hapigi," akasema. "Mgonjwa?"

Nikamwambia ndiyo. Hakuuliza zaidi. Akavaa miwani yake, na yale maneno makali niliyoyabeba toka nyumbani nilirudi nayo.

17 Aprili

Kaka amepiga. Nimemweleza habari ya vidole. Akaniuliza ni vidole vipi. Kisha akaanza kutaja hospitali. Nikamwambia Mama ana daktari wake, asituletee video nyingine. Tuliagana vibaya.

22 Aprili

Mvua. Bwana Joto ametuma salamu na kuulizia maiki yake ya redio. Nimemwambia bado.

2 Mei

Leo anga ilikuwa safi tangu alfajiri. Nilikuwa chumba cha uani nakunja waya, Mama akaingia. Amevaa gauni lake la kutokea na ameshika gita. Akaketi kwenye kile kiti bila kuniangalia.

"Nimemsikiliza kaka yako," akasema. "Si kaka yako, ule wimbo wa bendi aliotutumia. Nimeusikiliza wote. Nimejitafuta humo, simo. Nikasikiliza na ile yako ya ukutani, ile laini. Nimejitafuta, simo vilevile. Yumo Cheche."

Nikaweka waya chini.

"Anapiga mluzi vibaya," akaongeza. "Hiyo plasta ndiyo mbele?"

"Ndiyo, Mama."

"Igeuzie huku. Na usinisimamishe. Nikikosea nitakosea, mvua ikija itakuja. Sina tena mkono wa kurudia."

Nikaigeuza. Mashine ya Cheche ikanyamaza. Mama akatazama vidole vyake vya kushoto na kuvipanga kwenye nyuzi kwa macho, kimoja kimoja, kwa kuwa havimwambii tena viko wapi. Akapiga "Anayekuja Hajafika", ndefu kuliko zote.

Ilikwaruza. Pale katikati, wimbo unaporudi nyumbani, kidole cha nne hakikubana kabisa na uzi ukalia sauti ya bati. Nilimwona akikitazama. Hakuacha. Alipofika tena mahali hapo alikipeleka mapema zaidi, akakibana kwa nguvu mpaka kiwiko kikatetemeka, na safari hiyo noti ikatoka nzima, na pumzi yake ikasikika ikimtoka. Hapo nyuma ya mashine yangu ya kurekodia nilikuwa nalia kwa hasira. Siwezi kuiita huzuni. Ilikuwa hasira kwamba haya tunayafanya leo, si miaka ishirini iliyopita, wakati vidole vilipokuwa vizima na chumba hiki kilikuwepo na mimi nilikuwa nashughulika na matangazo ya sabuni.

Alipomaliza akangoja sauti ya mwisho iishe yenyewe. Akasema, "Zima."

Hakuomba kusikiliza. Akapiga nyingine mbili, akasema mkono umekufa, akaenda kulala.

3 Mei

Nimemtumia kaka "Anayekuja Hajafika". Hajajibu, hata kwa kidole gumba.

8 Mei

Mama amejaribu gita asubuhi. Alilishika kidogo, akalirudisha ukutani. Akasema hajui tena uzi uko wapi mpaka autazame, na akiutazama anasahau wimbo. Alisema kama anasimulia habari za jirani.

14 Mei

Sijui nianzie wapi. Mchana simu yangu ilianza kulia bila kukoma. Kundi la ukoo. Mama wadogo, binamu, watu ambao huwa hawasemi lolote ila kwenye misiba, wote wanasifu. Kaka ameweka wimbo wa Mama humo, na chini yake ameandika: "Nimempa rafiki yangu mtaalamu auisafishe. Sikilizeni joto hilo!"

Nikausikiliza. Hakuna mkwaruzo. Hakuna pumzi. Kidole cha nne kinabana kila mara kama msumari. Mahali ambapo Mama alichelewa, hachelewi tena. Wameukata na kuushona, wakachukua noti nzima ya mara ya pili na kuipandikiza kwenye ile ya kwanza, wakaupaka juu yake utamu fulani kama wa lifti ya hoteli. Ni mzuri. Mungu anisamehe, ni mzuri, na nilitaka kuitupa simu kisimani.

Nikampigia.

"Nani alikuambia uuguse?"

"Nimeuboresha tu, mdogo wangu. Watu wameupenda."

"Hukumboresha mtu. Umemtoa! Alijiingiza humo kwa mkono ambao haumsikii, mbele ya macho yangu, na wewe umemtoa kwa kubonyeza."

"Wewe uko naye," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Unamwona kila siku. Mimi niko huku na kitu pekee nilicho nacho ni hicho ulichonitumia. Kila nikifika pale uzi unapolia, nasikia mkono wake unavyokwisha. Siwezi kukaa na hicho chumbani kwangu. Siwezi."

Miezi yote hii nimemwona kama mtu wa video na vifurushi. Hata hivyo nilimwambia ukweli, kwamba woga ni wake na wimbo ni wa Mama, na hawezi kumfanyia Mama uso mpya kwa kuwa ule wa zamani unamtisha. Akakata simu. Safari hii alikata yeye.

16 Mei

Mama mdogo alimpigia Mama kumpongeza, kwa hiyo siri haikukaa. Mama akaniita sebuleni. "Niwekee hicho wanachosifia."

Nilitaka kumwambia simu haina chaji. Nikaiunganisha na spika na kuuweka. Kaka alikuwa hewani kwenye simu ya Mama, yeye mwenyewe alikuwa amepiga kuomba radhi, na Mama akamwambia akae hapo hapo, asikate, wasikilize pamoja.

Wimbo ukapigwa wote. Mama alikaa na mikono mapajani, viganja juu, kichwa ameinamisha kidogo. Ulipofika katikati, pale pake, nilimtazama. Hakuna kilichobadilika usoni. Wimbo ukaisha. Kaka alikuwa anasikika akipumua kule aliko.

"Unaonaje, Mama?" akauliza.

"Anapiga vizuri huyo mama," akasema. Kisha akanigeukia. "Sasa niwekee wangu."